Dereva Asiye Mwanachama: Ushirika wa Teksi wa San Francisco, 1977 hadi 2017

Ndugu mwenyekiti, ndugu wanachama, wazee wa kijiwe na vijana wa bajaji mliotuunga mkono leo, shikamooni na habari za mchana.

Mmeniomba nizungumzie historia ya ushirika wa teksi wa mjini. Nimechagua Yellow Cab Cooperative ya San Francisco, California, na nitaanzia katikati. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ya California iliamua shauri la ushirika huo. Dereva mmoja aliumia akiwa kazini, akadai fidia. Ushirika ukajitetea kwamba huyo si mfanyakazi wake: anakodi gari kwa zamu, analipa hesabu, yaani fedha ya kukodi zamu, anarudisha funguo, basi. Majaji hawakukubali. Waliona kwamba kubeba abiria ndiyo biashara yenyewe ya ushirika, na anayewabeba ni yeye. Kwa hiyo ni mfanyakazi, na fidia ni haki yake.

Ushirika wa teksi unamkana dereva wa teksi mbele ya majaji. Tuulizane ilifikaje huko.

Yellow Cab ya zamani ilikuwa chini ya himaya ya tajiri wa San Diego, C. Arnholt Smith. Bwana huyu alikuwa na benki, boti za kuvulia jodari, na timu ya besiboli ya Padres. Teksi kwake zilikuwa kitu kimoja kati ya vingi. Oktoba 1973 benki yake ikaanguka, anguko kubwa kuliko yote ya benki ambayo Marekani ilikuwa imeyaona hadi siku hiyo, na kampuni zake nyingine zikaanza kuporomoka moja baada ya nyingine. Mwishoni mwa 1976 ikawa zamu ya Yellow Cab. Magari yakasimama. Madereva wakati ule walikuwa waajiriwa, wana chama chao cha wafanyakazi, wanapata asilimia ya walichoingiza. Walijikuta mtaani kwa sababu ya madeni ambayo hawakuyakopa wao.

Mwaka 1977 ukazaliwa ushirika. Vibali vya teksi vya kampuni iliyofilisika vilinunuliwa na watu binafsi, wengi wao madereva, kisha wenye vibali wakaungana: rangi moja, karakana moja, chumba kimoja cha kupokea simu za abiria. Mimi nawavulia kofia. Kuokota kampuni iliyokufa na kuirudisha barabarani si kazi ya watu wa mzaha, na ushirika ule ulikuja kuwa mkubwa kuliko kampuni zote za teksi katika jiji lile, ukiwa na magari zaidi ya 500.

Lakini angalieni mlango wa kuingilia. Mwanachama ni nani? Ni mwenye kibali. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo.

Juni 1978 wapiga kura wa San Francisco walipitisha sheria iliyoitwa Proposition K, iliyosukumwa na diwani Quentin Kopp. Kabla yake kibali kiliuzwa kama kiwanja. Sheria ikasema kibali ni mali ya jiji: hakiuzwi, hakirithishwi, kinapewa mtu anayeshika usukani mwenyewe, na mwenyewe akifa kinarudi jijini. Nia njema kabisa. Ila vibali vilikuwa vichache na madereva wengi, basi ikaundwa foleni, na foleni ikarefuka hadi mtu akasubiri zaidi ya miaka 10.

Miaka hiyohiyo ajira ikafutika kimyakimya, ukaingia mtindo wa kukodi kwa zamu. Sasa pigeni hesabu wenyewe. Gari likifanya zamu mbili kwa siku, siku saba, hizo ni zamu 14 kwa wiki. Mwenye kibali ni binadamu, ataendesha chache. Zilizobaki anaendesha nani? Deiwaka, dereva wa kukodi zamu asiye na kibali. Kwa hiyo magari ya ushirika yaliendeshwa muda mwingi na watu wasio na hisa, wasiopiga kura kwenye mkutano mkuu, wanaoanza kila zamu wakiwa wanadaiwa. Na bodi ilichaguliwa na watu ambao sehemu ya kipato chao ilitoka kwenye hesabu hizo. Mkutano kama huo utapunguza hesabu lini? Simlaumu mtu. Ndivyo katiba ilivyoandikwa.

Wenzao wa mji wa Madison, Wisconsin, walianzisha Union Cab mwaka 1979, nao baada ya ugomvi na mwajiri. Wao waliandika vingine: dereva, fundi wa karakana, anayepokea simu, wote ni wanachama, kila mmoja kura moja. Mji ni mdogo na magari ni machache, sikatai. Lakini pale huwezi kumkuta dereva anapeleka hesabu kwa mwanachama mwenzake.

Turudi San Francisco. Mwaka 2010 jiji liligeuza msimamo likaanza kuuza vibali, kimoja dola 250,000, na madereva wakakopa kwenye chama cha kuweka na kukopa ili wanunue. Mwaka huohuo, jiji hilohilo, Uber, programu ya simu ya kuitia gari, ikaanza kubeba abiria. Lyft ikafuata 2012. Takwimu za mamlaka ya usafiri ya jiji zinasema wastani wa safari za teksi moja kwa mwezi ulishuka kutoka 1,424 mwezi Machi 2012 hadi 504 Julai 2014.

Watu husema programu za simu ndizo zilizoua ushirika ule. Kweli, lakini nusu. Programu ilichukua abiria. Madereva walijiondokea wenyewe. Deiwaka aliyelipa hesabu miaka 15 hakuwa na hisa wala gawio la kumfanya avumilie. Aliposikia anaweza kutumia gari lake bila kumpelekea mtu hesabu asubuhi, alikwenda, na magari ya njano yakabaki uani hayana wa kuyaendesha. Juu ya hayo ikaja hukumu ya zaidi ya dola milioni 8, kwa abiria aliyepooza katika ajali ya 2011. Januari 2016 ushirika uliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi dhidi ya wadai wake, na 2017 biashara ikauzwa kwa dola 810,000 kwa kampuni ya Big Dog City. Teksi za njano zipo bado. Ushirika ndio haupo.

Nimalizie na Denver, Colorado, maana huko ndugu zetu wamo. Mwaka 2009 wahamiaji, wengi wakitoka Afrika Mashariki, walipata kibali cha kuendesha ushirika wao, Union Taxi, baada ya sheria ya 2008 kuwalegezea mlango uliokuwa umeshikwa na kampuni kubwa. Mwaka 2016 ukaingia barabarani ushirika mwingine, Green Taxi: madereva wapatao 800, kila mmoja kalipa dola 2,000 za uanachama. Mwenye hisa na anayeshika usukani ni mtu yuleyule. Uber iliwabana nao vilevile, msije mkadhani kuna dawa ya kila kitu.

Muda wangu umekwisha. Tuanze na maswali ya bima, maana mikono naiona iko juu tangu nilipotaja zile dola milioni 8.