Kiuno, utumbo na mafuta ya ufuta: maumivu ya mgongo kwa jicho la Ayurveda

Ndugu zangu, habari za jioni, na asanteni kwa kuja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, kwa hiyo sidhani kama humu ukumbini kuna safu isiyo na mtu anayeyajua. Mimi nimeombwa niwaeleze Ayurveda, tiba ya kale ya Uhindi, inayatazamaje.

Ukienda kwa vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, ukamwambia kiuno kinakuuma, ataanza kukuuliza habari za choo. Unapata kila siku? Kigumu au laini? Tumbo linajaa gesi? Usingizi je? Wapo wanaoudhika: wamepeleka mgongo, wanaulizwa tumbo. Lakini fundisho lenyewe limeanzia hapo. Ayurveda inasema mwili unaendeshwa na nguvu tatu, vata, pitta na kapha, na vata ndiyo ya mwendo: pumzi, kusukuma haja, kukunja na kunyoosha viungo. Ni kavu, baridi, nyepesi, yenye kukwaruza. Vagbhata, mwandishi wa kale wa Ayurveda, katika kitabu chake Ashtanga Hridaya, anataja makao yake: utumbo mpana, kiuno, mapaja, masikio, mifupa na ngozi. Kwa hiyo utumbo ukivurugika, kiuno hakisalimiki. Vata ikizidi, misuli hukakamaa na viungo hukosa ulaini. Yale maumivu yanayoshuka mguuni, ambayo hospitalini huitwa sayatika, Charaka, tabibu mwingine wa kale wa Uhindi, aliyaita gridhrasi, akaitaja njia yake: matako, kiuno, mgongo, paja, goti, shavu la mguu, mpaka unyayo.

Na vata huzidishwa na nini? Chakula kikavu, kukesha, kazi nzito kupita kiasi, na kubana haja. Charaka anataja haja 13 za mwili zisizofaa kuzuiwa, zikiwamo mkojo, kinyesi, chafya, miayo, njaa, kiu na usingizi. Hapa ndipo ninapoiheshimu sana Ayurveda. Mtazameni dereva wa basi la masafa marefu: anakaa kutwa, anaubana mkojo, hanywi maji ili asisimame njiani, chakula chake chipsi kavu, usingizi wa vipande vipande. Vata haipimiki maabara, nalisema wazi. Lakini tabibu anayemuuliza dereva huyo maisha yake yote kabla ya kumgusa mgongo anafanya kazi ya maana.

Tiba ina utaratibu wake: mafuta kwanza, halafu joto, halafu basti, yaani dawa ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, ambayo Charaka anasema wengine wameihesabu kuwa nusu ya tiba yote. Inayojulikana zaidi siku hizi ni kati basti, yaani basti ya kiuno, ambayo licha ya jina haiingizwi popote. Mgonjwa hulala kifudifudi. Unga wa choroko nyeusi hukandwa ukawa donge, likazungushwa kiunoni kama ukuta, na kingo zake zikabanwa kwa vidole ili pasivuje. Ndani humiminwa mafuta ya uvuguvugu, mara nyingi ya ufuta yaliyochemshwa na mitishamba. Yakianza kupoa, mhudumu huyafyonza kwa pamba, huyapasha tena na kuyarudisha, na hivyo hivyo kwa nusu saa hivi. Huko Kerala, jimbo la kusini mwa Uhindi, watu wengi hungoja mwezi wa Karkidakam, wakati wa mvua za Julai na Agosti, ndipo waende kutibiwa.

Joto na kuchuliwa hulegeza misuli, na wengi huinuka pale wakiwa na nafuu ya kweli. Ila mafuta ya juu ya ngozi hayairudishi diski ya uti wa mgongo iliyochomoza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi, na kuchuliwa kumo pia miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa. Mikanda ya kiuno, ile tunayoinunua kwa wingi, haipendekezwi kwa matumizi ya kawaida.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri. Ukiona miguu inaishiwa nguvu, ganzi imeingia kati ya mapaja, au mkojo au choo hakizuiliki, usitafute mafuta. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Homa, kukonda bila sababu na jasho la usiku pamoja na maumivu ya mgongo vinaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na hicho kina dawa zake hospitalini.

La mwisho ni dawa za kumeza. Mwaka 2004 watafiti wa Boston, Marekani, walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani huko. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au arseniki. Baadhi ya dawa hizo hutiwa madini kwa makusudi, kwa mujibu wa tawi la Ayurveda liitwalo rasa shastra. Kwa hiyo tabibu akikupa kidonge au unga, muulize kina nini na kimepimwa wapi, na umwambie daktari wako unachokimeza. Mjamzito na mtoto wasipewe kabisa dawa isiyojulikana ilivyotengenezwa.

Karibuni kwa maswali.