Saa ya Jino: Muda wa Ukuaji na Meno ya Reptilia wa Kale

Ndugu wasikilizaji, tuweke taya mbili mezani. Meno ya mosasa, yule mwindaji wa baharini, yameshikamana na mfupa. Ya mamba yanashikiliwa na kano ndani ya matundu. Zamani ilidhaniwa kwamba mosasa alikuwa na mfupa wa pekee wa kushikia jino. Hadubini inakataa. Wote wawili wana sementi, yaani tishu ngumu inayofunika jino, juu ya mzizi, mfupa wa tundu, na nyuzi za kano katikati. Kwa mosasa nyuzi hizo huingia madini jino likishakaa mahali pake. Kwa mamba hatua hiyo haifiki kamwe.

Kwa hiyo usikate jino moja ukatoa hukumu. Ukiangukia jino changa la mosasa, utaapa kwamba lina kano ya kudumu. Kata kadhaa kutoka taya lile lile, kuanzia linalochomoza hadi linalokaribia kung'oka.

Muda wenyewe unasomeka pia. Dentini, tishu ngumu iliyo ndani ya jino, huongezeka tabaka moja kwa siku na kuacha mistari ya von Ebner. Zamisha jino katika resini, lipasue kwa msumeno wa almasi kupitia mhimili wake, ligundishe kwenye kioo, lisage mpaka mwanga upenye. Hesabu mistari ya jino linalotumika, toa ya jino mbadala lililo chini yake: hizo ndizo siku za zamu moja, yaani muda kutoka jino moja hadi mbadala wake. Mkato ukikwepa mhimili, mistari ya kwanza, ya kwenye ncha, haionekani, na hesabu yote inapungua.

Kwa njia hiyo mtafiti Erickson, mwaka 1996, alipata siku 777 kwa Tyrannosaurus, dinosauri mla nyama. Mwaka 2013 D'Emic na wenzake walipata 35 kwa Diplodocus na 62 kwa Camarasaurus, majitu wawili walao majani. Ukubwa wa mwili pekee, basi, hautoshi kueleza kasi hii.

Hadrosauri, dinosauri mwingine mla majani, ndiye anayenivutia zaidi. Meno yake yalijipanga safu juu ya safu, yakishikwa kwa kano, wala hayakung'oka: yalisagika yakaisha. Hilo liliwezekana kwa sababu uvungu wa ndani ulijaa dentini mapema, kabla usagaji haujaufikia.

Saa hiyo yaweza hata kusimama. Limusaurus, dinosauri wa Xinjiang, Uchina, alizaliwa na meno; akikua, yaling'oka bila kuota tena, na watu wazima walibaki na mdomo mtupu na vijiwe vya kusagia tumboni.