Tarehe ya kuondoka usimwambie mteja

Haya jamani, habari za jioni, mlioko mlangoni sogeeni ndani, baridi hii ya Uyole haina mwenyewe. Nimeombwa niongelee kuuza vitu vya ndani ukipata uhamisho, sababu wengi humu barua zishatoka, na mi nilishayapitia Iringa, Kihesa, kabla sijaja huku Mbeya.

Naanza na ujinga wangu. Barua ilivyotoka nikatangaza mtaa mzima, Jumamosi naondoka, Fuso nishakodi, kuna vitu nauza njooni muone. Wakaja kweli. Wakashikashika, wakakalia sofa, chai yangu wakanywa, wakasema tutarudi. Wakarudi Ijumaa usiku, Fuso liko nje! Kabati langu la mninga, fundi wa Mlandege alinitengenezea kwa 480,000, jamaa ananiambia mama nina 70. Na wala hana haraka, anaangalia Fuso, ananiangalia mimi, anaangalia Fuso. Nikampa, ningefanyaje. Kwahiyo mteja akishaijua tarehe yako bei anapanga yeye, we sema tu napunguza vitu, inatosha.

Ndo maana nasema anza hata miezi miwili kabla kama unaweza, ili ukitajiwa bei ya ajabu uwe na ubavu wa kusema hapana. Na vitu vina msimu wake. Kitanda kidogo, meza ya kusomea, ndoo, jiko la umeme la pleti moja, hivyo vyuo vikifungua, mwezi wa 10 wa 11 hivi, wanafunzi wanagombania, kule Iringa wa chuo cha Mkwawa, hapa tuna wa MUST, chuo cha sayansi na teknolojia. Mablanketi mazito uza mwezi wa sita, hapo mtu anatetemeka hata habageini sana. Na iwe wiki ya mshahara, tarehe 15 mtu anakuja kushangaa tu.

Siku yenyewe toa vitu nje, tandika turubai uwanjani, bei zibandike, na visivyouzwa funga chumbani na ufunguo uvae shingoni, sicheki, dada yangu pasi yake iliuzwa na mwanae wa darasa la nne. Friji liwashe toka usiku mteja aone barafu, TV vuta ekstensheni uwashe hapohapo. Mtungi wa gesi akikuuliza umebaki kiasi gani, mwagia maji ya moto ubavuni halafu pitisha mkono toka juu kushuka chini, pale panapoanza ubaridi ndo gesi ilipoishia, mbele yake hivyo hana la kubisha.

Hela sasa. Mtu akisema nishatuma, asikuonyeshe meseji kwenye simu yake, hata iliyoingia kwako usiiamini tu, angalia salio, meseji za kutengeneza zimejaa. Na habari za ntakulipa mwisho wa mwezi, hapana. Mi jirani alibeba blenda ya 35,000, mpaka leo nikipiga napewa yule dada wa haipatikani.

TV, friji, simu, andikishaneni karatasi, majina, namba ya kifaa, saini, na mjumbe awepo, maana mkija kushukiwa mali ya wizi karatasi hiyo inawasaidia kujitetea. Pikipiki usimpe mtu kadi ukaishia hapo, badilisheni umiliki TRA, la sivyo faini zitakuja kwa jina lako wakati we uko Sumbawanga.

Kama vitu ni vya marehemu, mzee kafariki na nyie mnafunga nyumba, hapo msiuze hata kijiko, kwanza mahakama imteue msimamizi wa mirathi.

Eeh, mama pale nyuma? Ndugu... (kicheko) ndugu wagawie kabla. Wifi anataka masufuria, mpe Ijumaa ya kabla ya mauzo aende nayo, akija siku ya mauzo anachagua mbele ya wateja, na wateja nao wanaanza kuomba.

Kabati? Lile la mninga? Ah, dada umenikumbusha kilio. Nilirudi Iringa msibani mwaka uliofuata, nikapita Mlandege kwa fundi wangu, nikalikuta limesimama pale mlangoni limepigwa vanishi mpya. Nikauliza bei kama sijui kitu. 400,000, akaniambia, ila kwa vile ni we mama, leta 380.