Vyuma vya Meno na Vifuniko vya Plastiki: Kipi Kinauma Zaidi?

Wazazi na vijana wangu, asanteni kwa kuja. Kati ya vyuma vya kunyooshea meno na vifuniko vya plastiki vinavyovikwa juu ya meno kwa kazi hiyohiyo, kipi kinauma zaidi? Swali hili naulizwa kila siku, nami naona lina haki ya kujibiwa vizuri.

Jino halikupigiliwa kwenye mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi laini zenye neva. Ukilisukuma, nyuzi za upande mmoja hubanwa, na mwili hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini. Hizo ndizo zinazoleta maumivu, na hizohizo husaidia mfupa kuachia nafasi jino lipite. Kwa hiyo mtu asikudanganye kwamba plastiki haiumi. Chochote kinachosogeza jino kitauma.

Ukifungwa waya, maumivu huanza baada ya saa chache, hukolea kesho yake, kisha hupungua ndani ya wiki. Vifuniko vya plastiki husogeza jino karibu robo milimita tu kila kimoja, ndiyo maana siku za mwanzo wavaaji wake wengi huumia kidogo kuliko wa vyuma. Lakini ukibadilisha kifuniko, kila wiki moja au mbili, kale kakubano hurudi.

Tofauti kubwa iko kwenye nyama ya mdomo. Vyuma hukwaruza mashavu, na ncha ya waya kule nyuma huchoma. Mfundishe mwanao hivi: akaushe chuma kwa kitambaa safi, achukue nta ya kufunikia vyuma vya meno, kiasi cha punje ya choroko, aifinyange kwa vidole hadi ilainike, aigandamize juu ya chuma. Ni jambo dogo, ila humpa mtoto usingizi. Mahindi ya kuchoma na miwa aviache kwanza.

Vifuniko huvuliwa wakati wa kula, na wakati wa chai pia, maana chai ya moto huipinda plastiki. Hapo ndipo wengi hukwama. Vinatakiwa vikae mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Ukivisahau siku mbili, meno huanza kurudi, na kuvivaa tena ni maumivu mapya.

Mtoto wa miaka 12 anayesahau hata daftari darasani, mimi ningemfunga vyuma. Mashavu yatamsumbua wiki mbili tatu, yazoee. Mtu mzima mwenye nidhamu, na ambaye meno yake hayajapinda sana, ningempa plastiki bila wasiwasi.