Gari liko Tanga, mwenyewe yuko Muscat: kuitunza Land Cruiser mkonga ya zamani

BAKARI: Karibuni tena kipindini, tuko hapahapa Tanga mjini. Leo tunaongea na wenzetu walio Muscat, Dubai na London ambao gari zao zimebaki Raskazone au Chumbageni, chini ya mwembe, mikononi mwa mdogo mtu. Hasa wenye Land Cruiser mkonga ya zamani, ile ya safu ya 70, yenye injini ya 1HZ. Dada Mwanaidi, gari kama hilo likiegeshwa tu linakufa na nini?

MWANAIDI: Linakufa na chumvi na kusimama, kaka Bakari. Injini haina neno. 1HZ ni dizeli ya silinda sita, ukubwa cc 4,164, pampu yake ya nozeli haiendeshwi na kompyuta. Ipe oili safi na dizeli isiyo na maji, itakwenda. Kinachooza ni vinavyoizunguka: chesesi, bereki, sili, mipira, betri. Na ndugu aliyeachiwa gari mara nyingi analiwasha kila Jumamosi dakika kumi palepale uani, anazima, anakupigia simu: "Kaka, nimeliwasha."

BAKARI: Wengi wanaona hiyo ndiyo sevisi yenyewe.

MWANAIDI: Na inaharibu. Hita plagi, zile zinazopasha injini kabla haijawaka, na stata vinavuta umeme mwingi, dakika kumi za kunguruma uani hazirudishi ulichotoa kwenye betri. Oili haipati joto la kutosha, unyevu hautoki, unabaki kwenye oili na ndani ya ekzosi. Heri gari lisiguswe wiki tatu, siku likiwashwa liende Muheza na kurudi.

BAKARI: Njiani afanye nini?

MWANAIDI: Awashe AC dakika kumi, hata kama hakuna joto, ili oili ya kompresa izunguke na sili zake zisikauke. Atafute kipande cha barabara ya vumbi, afunge habu za mbele, aingize fowili ili magurudumu yote manne yavute, atembee kilomita moja au mbili. Vumbi, siyo lami. Mkonga hauna difu ya katikati, kwenye lami kavu mbele na nyuma vinavutana hadi fowili inagoma kutoka. Akirudi nyumbani aliache kwenye gia, akinge magurudumu kwa mawe, hendibreki aiachie. Ikikaa imefungwa wiki nyingi kwenye hewa ya bahari, bereki zinagandana na kutu.

BAKARI: Na betri?

MWANAIDI: Kama gari halitaguswa mwezi mzima, afungue waya wa hasi. Wa hasi unatoka kwanza na kurudi mwisho. Anunue mita ndogo ya umeme: betri iliyopumzika ikisoma volti 12.6 imejaa, ikisoma 12.0 imekwisha, apeleke ichajiwe. Gari likinguruma isome kati ya 13.8 na 14.4. Isipofika hapo, tazama alteneta na mkanda wake kabla hujatuma hela ya betri mpya.

BAKARI: Tuje kwenye chumvi.

MWANAIDI: Chesesi ya mkonga ni boksi, ina matundu. Tope na chumvi vinaingia ndani, vinalala chini, chuma kinaliwa bila wewe kuona. Mwambie ndugu yako aoshe uvunguni kila mwezi, na mpira wa maji auingize kwenye matundu mpaka maji yatoke meupe. Lakini ayaonje kwanza hayo maji! Visima vingi vya karibu na bahari vina munyu, ukiosha nayo umeongeza chumvi juu ya chumvi. Atumie ya bomba au ya mvua. Halafu gari likauke juani, ndipo apulizie nta ya kuzuia kutu, ndani ya boksi pia.

BAKARI: Mafundi wengi wanapiga oili chafu.

MWANAIDI: Mimi sikubali. Oili chafu inavimbisha bushi za mpira, na mvua ya kwanza ya masika inaishusha ardhini, pale watoto wanapocheza. Kitu kingine ni turubai la plastiki: unyevu unanaswa chini yake, na kutu inaanzia kwenye mifereji ya juu ya milango. Banda la makuti linatosha, hewa inapita. Ukitaka kujua hali ya chesesi, fundi agonge kwa nyundo ndogo kuanzia kwenye hanga za supringi za nyuma. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti butu na maganda yanadondoka. Akutumie video yenye sauti.

BAKARI: Dizeli je?

MWANAIDI: Tanki likae limejaa. Likiwa nusu, hewa ya pwani inaacha maji kwenye kuta za ndani. Maji yanazama chini, wadudu wadogo wanaota pale yanapokutana na dizeli, unapata utelezi unaoziba filta. Kila baada ya miezi mitatu alegeze koki iliyo chini ya filta, apige pampu ya mkono, amwagie kwenye chupa nyeupe mpaka itoke dizeli tupu, kisha akaze. Ile chupa aipige picha.

BAKARI: Kuna swali linarudi sana: gurudumu la mbele linalowa oili kwa ndani, fundi anasema ni sili.

MWANAIDI: Ni sili kweli, lakini uliza kwa nini imekufa. Nyuma ya gurudumu la mbele kuna tufe la chuma, ndani yake sivi joinii, kiungo kinachozungusha gurudumu hata likikata kona, inakaa kwenye grisi. Sili ya shafti inatenganisha ile grisi na oili ya difu. Ikifa, oili inaingia kwenye tufe, grisi inakuwa uji mweusi, unachuruzika mpaka kwenye ringi. Sasa difu ina kipumulio juu. Gari likisimama pwani kipumulio kinashika kutu. Siku ya safari difu inapata joto, hewa haina pa kutokea, inaisukuma oili kwenye sili. Ukibadilisha sili ukaacha kipumulio, baada ya muda mfupi uko palepale. Kwa hiyo: safisha kipumulio, badili sili pande zote mbili, osha tufe lote, weka grisi ya molibdeni kwenye sivi joinii, pima oili ya difu.

BAKARI: Aliye nje anunue spea zipi huko aliko?

MWANAIDI: Vitu vyepesi ambavyo huku feki zake ni nyingi: sili, mkanda wa taiming na beringi yake, filta, kirosi za propela. Oili na grisi nunua huku, usilipie uzito wa ndege. Na usiagize kwa jina la gari. Piga picha namba ya chesesi iliyogongwa upande wa kulia mbele, na kibati kilicho kwenye injini. Toleo la HZJ75 lina stadi sita za kushika gurudumu, la HZJ78 lililokuja 1999 lina tano, na mbele limewekewa koili badala ya supringi za majani. Betri mbili pia zisikudanganye. Zipo zenye betri mbili na bado ni volti 12, nyingine ni 24. Ipimwe kabla hujanunua stata au hita plagi.

BAKARI: Taa ya T-BELT kwenye dashibodi, ile ya mkanda wa taiming, ikiwaka?

MWANAIDI: Inawaka kwa hesabu ya kilomita, 100,000, na fundi anaweza kuizima bila kugusa mkanda. Mkanda ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe, hata taa isipowaka, kwa sababu mpira unazeeka gari likiwa limesimama. Sili za mbele za krenki na kemu zibadilishwe siku hiyohiyo. Fundi aandike tarehe na kilomita kwa rangi kwenye kava, akutumie picha kabla hujamlipa.

BAKARI: Mkanda wa zamani autupe?

MWANAIDI: Asiutupe, akuwekee kwenye mfuko. Ukija likizo uutazame: ukiukuta umelowa oili na fundi hakubadilisha sili, afungue tena, maana huo mpya nao unalowa.