Anzeni na Ukuta: Kuizoesha Timu ya Programu Kazi ya Vipande Vidogo

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nafurahi kuona ukumbi umejaa, na jua lenyewe la Mombasa ndilo hili.

Nimeombwa nizungumzie ajaili, yaani ule mtindo wa kuunda programu kwa vipande vidogo vinavyomfikia mtumiaji mapema. Naomba nianze na mama mmoja karani.

Ofisi yake iko karibu na bandari ya Kilindini, na kazi yake ni kufuatilia makontena ya wateja wa wakala wa forodha. Timu yangu ndiyo iliyomtengenezea mfumo. Tulikusanya mahitaji, tukaandika waraka mnene, ukatiwa saini, kisha tukajifungia na msimbo wetu, yaani maandishi yanayounda programu. Mwezi wa 11 tangu tuanze, tukaenda kuusimika. Wiki moja baadaye nikapita kumsalimia. Mfumo wetu uko kwenye skrini, na yeye anaandika kwenye kaunta buku, simu ameibana kwa bega. Dereva wa trela anamsomea namba ya kontena, herufi 4 na tarakimu 7. Namba anaipata, lakini uzito hana bado, na jina la meli hana. Ukurasa wetu ulikuwa haukubali kuhifadhi chochote mpaka kila kisanduku kijazwe. Akaniambia, "Mwanangu, hii kompyuta yenu yataka nijue kila kitu kabla sijajua chochote."

Kulirekebisha jambo lile kulituchukua siku 2. Kulijua kulituchukua miezi 11.

Hakuna aliyekuwa mvivu katika timu ile, na waraka haukuwa na kosa. Tulimwuliza anaandika taarifa gani, akatutajia zote. Hatukumwuliza zinamfikia kwa mpangilio gani, na sidhani angeweza kutueleza kabla ya kuushika mfumo kwa mikono yake.

Mtindo huo wa hatua moja kwenda nyingine bila kurudi nyuma watu huuita maporomoko ya maji. Mchoro wake maarufu umo katika makala ya mhandisi wa programu Winston Royce ya mwaka 1970, naye katika makala hiyohiyo alionya kwamba kufanya hivyo ni hatari, kwa kuwa majaribio yanakuja mwisho, wakati kubadilisha kumekuwa ghali. Wengi wakachukua mchoro, onyo wakaliacha. Februari 2001 watu 17 walikutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi la ajaili: watu na maelewano yao mbele ya taratibu na zana, programu inayofanya kazi mbele ya nyaraka nyingi, kushirikiana na mteja mbele ya kuvutana juu ya mkataba, kuitikia mabadiliko mbele ya kung'ang'ania mpango. Na wakasema wazi kwamba hivyo vinavyowekwa nyuma navyo vina thamani. Sentensi hiyo ishikeni, maana wanaokuja kutufundisha huiruka.

Sisi tuliirukia ajaili vibaya. Tulitoka mafunzoni Ijumaa, Jumatatu tukabadilisha kila kitu: vyeo, vikao vya kila asubuhi, mizunguko ya wiki mbili. Kikao cha dakika 15 kikawa cha dakika 45. Mwenzetu anayejaribu programu akawa anapokea kazi yote siku ya mwisho ya mzunguko. Yalikuwa maporomoko yaleyale, ila mafupi. Watu wakachoka, na wakawa na haki ya kuchoka.

Mara ya pili tulianza na ukuta. Kanbani, yaani ule mtindo wa kuiweka kazi yote ukutani ionekane, jinsi mtaalamu David Anderson alivyoileta kwenye programu kutoka kwa fikra za Toyota, inasema uanze na unachokifanya sasa, vyeo vibaki vilivyo, ubadilishe kidogo kidogo. Tukabandika karatasi ya kaki yenye safu nne: inasubiri, inaandikwa, inajaribiwa, imefika kwa mteja. Kila kazi ikapewa kikadi. Hatukubadilisha kingine chochote.

Baada ya wiki moja, "inajaribiwa" ilikuwa na vikadi 14 na mtu mmoja. Miaka yote tulimwona huyo ndugu ndiye anayetuchelewesha. Tulisimama pale mbele ya ukuta kimya, kisha mwandika programu wetu mmoja akasema, "Kumbe twamzika." Siku hiyohiyo timu yenyewe ikaweka mpaka: safu ile isizidi vikadi 4, na ikijaa, anayeandika aache kuandika akasaidie kujaribu. Fikirini feri ya Likoni. Haingoji watu wote wa ng'ambo wafike ndipo ing'oe. Inavusha waliopo, inarudi.

Mengine yakafuata, moja moja. Kila Alhamisi ya pili tukawa tunampelekea mama karani kilichokamilika, akikibonyeza yeye mwenyewe. Majaribio ya kujiendesha, yaani yale ambayo kompyuta yenyewe huyafanya kuikagua programu, yalitutesa kuliko yote, kwa sababu msimbo wa zamani haukuwa na hata moja. Tukakubaliana kwamba kila hitilafu iandikiwe jaribio lake kwanza, ndipo irekebishwe.

Na sasa nizungumze na vijana. Katika timu yenu atakuwapo mzee anayekataa. Msikilizeni. Wetu aliuliza: "Bila waraka uliotiwa saini, mteja akinigeuka nitajitetea na nini?" Lilikuwa swali la mtu aliyewahi kugeukwa. Basi waraka tukauhifadhi, tukaufupisha, na saini ikawa inatiwa kila baada ya mteja kuona kipande kikifanya kazi. Mzee huyo ndiye anayesimamia ukuta hivi leo.

Bosi naye atataka tarehe, na ni haki yake. Msimpe maneno. Hesabuni vikadi vinavyokamilika kila wiki, kwa wiki nane au kumi, mkadirie kutoka hapo.

Pale tulipokwama ni kwenye mkataba wa bei moja kwa kazi yote, hasa zabuni zinazotaka kila kipengele kiandikwe kabla ya kuanza. Naona dada wa safu ya mbele ameinua mkono tangu nilipotaja saini, nadhani swali lake ni hilohilo. Karibu, dada. Mpeni kipaza sauti.