Stars na dakika ya 80

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, makocha wa mchangani, na nyie vijana mliokaa sakafuni kwa sababu viti vimeisha, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie maandalizi ya timu yetu ya taifa, Taifa Stars, kuelekea AFCON ya 2027, fainali za Mataifa ya Afrika, ile tutakayoiandaa pamoja na Kenya na Uganda. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitazungumzia ujenzi wa uwanja. Najua kila anayeshuka kwenye Kosta kutoka Arusha anakuja na habari za Olmoti, ulipo uwanja huo: watu 30,000, barabara, bei ya viwanja vya kujenga nyumba kule jirani. Hayo yana wataalamu wake. Mimi jioni ya leo nina robo saa moja tu ya kuzungumzia, ile ya mwisho ya mechi.

Tuanze na hesabu. Tumecheza fainali za AFCON mara nne: Nigeria 1980, Misri 2019, Ivory Coast ile ya 2023 iliyochezwa Januari 2024, na Morocco hii ya 2025. Mechi 13. Tumefungwa 8, tumetoka sare 5. Kushinda, bado.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Najua, Morocco tulifika 16 bora, mara ya kwanza katika historia yetu, na wenyeji wenyewe walitutoa kwa bao moja tu. Nilishangilia kama nyie. Lakini tulivuka makundi kwa pointi 2. Ivory Coast nako tulipata pointi 2, tukarudi nyumbani tukiwa wa mwisho kwenye kundi. Pointi zile zile. Safari hii tulivuka tukiwa wa tatu, kwa sababu meza za makundi mengine zilituangukia vizuri. Anayepanga 2027 kwa kutegemea meza za wenzake huyo hajapanga kitu.

Sasa naomba tuzikumbuke mechi tatu.

Cairo, Juni 2019, dhidi ya Kenya. Msuva anafunga dakika ya 6. Olunga anasawazisha ya 39, na kabla Wakenya hawajamaliza kushangilia Samatta anafunga ya 40. Tunakwenda mapumziko tukiongoza 2-1. Omolo anasawazisha ya 62. Halafu Olunga tena, dakika ya 80. Tumelala 3-2.

San Pédro, Januari 2024, dhidi ya Zambia. Msuva tena, dakika ya 11. Kabla ya mapumziko Zambia wanapewa kadi nyekundu, wanabaki 10. Tunaongoza, tuna mtu wa ziada, kipindi kizima cha pili kiko mbele yetu. Dakika ya 88 Patson Daka anasawazisha kwa kichwa. Kwa hesabu ya karatasi, bao lile lisingeingia tungekuwa na pointi 4 na nafasi ya pili, juu ya Kongo waliovuka kwa sare tatu na kwenda mpaka nusu fainali. Sisemi tungefika huko. Nasema mlango ulikuwa wazi na tulikuwa tumeshaweka mguu ndani.

Rabat, Desemba 2025, dhidi ya Uganda. Msuva kwa mara ya tatu, penalti ya dakika ya 59. Dakika ya 80 Ikpeazu anasawazisha. Na mkumbuke kwamba Uganda walipata penalti dakika za nyongeza wakaipaisha, la sivyo ingekuwa Cairo nyingine.

Angalieni wapinzani wenyewe. Si Senegal, si Algeria, si Nigeria. Ni Kenya, Zambia na Uganda, majirani tunaopimana nao nguvu kila mwaka. Hizo ndizo mechi ambazo ushindi wetu wa kwanza ulikuwa unatusubiri, na zote tuliongoza. Halafu angalieni makocha. Ya kwanza alikuwa Amunike. Ya pili Hemed Suleiman, aliyekabidhiwa timu katikati ya mashindano baada ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, kumfungia kocha Amrouche. Ya tatu Gamondi, aliyepewa timu Novemba kwa mashindano ya Desemba. Makocha watatu, miaka sita, na kidonda kipo pale pale. Kwa hiyo wale wanaosubiri jina la kocha ndipo waanze kuwa na matumaini, naomba tuachane nao kwa leo.

Tatizo ni nini, basi? Jibu la haraka ni pumzi, na lina ukweli wake. Mchezaji wa kiwango hiki hukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi. Zinazommaliza hasa ni zile mbio fupi za kasi, kusimama ghafla, kugeuka, kuruka. Misuli ina akiba yake ya sukari, na kuelekea mwisho wa mechi baadhi ya nyuzi za misuli zinakuwa zimekauka kabisa. Akili inaona mpira unakuja, mguu unafika umechelewa kidogo. Beki aliyemruka mshambuliaji dakika ya 20 anarukwa dakika ya 80. Ndiyo maana mabao ya vichwa ya dakika za mwisho hayanishangazi hata siku moja.

Lakini pumzi peke yake haielezi San Pédro. Waliobaki 10 ndio waliopaswa kuchoka. Wala haielezi mechi ya Tunisia, siku tatu tu baada ya Uganda. Tulitangulia kufungwa, Feisal akasawazisha mwanzoni mwa kipindi cha pili, tukakaa imara zaidi ya dakika 40 mpaka filimbi. Miguu ile ile, imechoka zaidi, ikastahimili. Tofauti ni nini? Kwa Tunisia tulikuwa tunatafuta. Kwa Uganda tulikuwa tunaficha.

Timu yetu ikiongoza inarudi nyuma. Hakuna anayewaamuru, wanarudi wenyewe. Viungo wanakaa juu ya mabeki, mshambuliaji anabaki mbele peke yake kama mlinzi wa usiku, na kila mpira unaobutuliwa unarudi baada ya sekunde tano. Kuukimbilia mpira alionao mwenzako kunachosha kuliko kuwa nao wewe, hilo anajua kila aliyewahi kuzungushwa kwenye duara la mazoezi. Kwa hiyo uchovu unaouona dakika ya 80 sehemu yake tumeinunua wenyewe dakika ya 60.

Na tabia hii inaanzia huku huku. Nisemeje ili nisigombane na mtu? (Kicheko.) Nendeni kwenye ndondo yoyote Jumapili, timu inaongoza 1-0 zimebaki dakika 20. Kipa analala chini, anashika goti. Beki anafunga kamba ya kiatu. Mpira ukitoka nje, kijana wa kuokota haonekani. Na sisi makocha tuko pembeni tunapiga makofi, "akili kubwa hiyo!" Mtoto anakua akijua kwamba kulinda bao ni kulala chini. Siku anavaa jezi ya taifa, mwamuzi wa CAF anaangalia saa yake, anaongeza dakika zote zile juu, na mtoto hana silaha nyingine. Hakuwahi kufundishwa kuupeleka mpira kwenye kibendera cha kona na kuukalia, wala kupiga pasi 15 mfululizo wakati watu wanapiga kelele abutue. Kupaki basi nako ni kazi yenye ufundi wake. Sisi tunapaki halafu tunaacha milango wazi.

Mfano wa upande wa pili tunao, wa Agosti 2025. CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, na tulikuwa nyumbani. Mechi na Mauritania ilikuwa imekwama 0-0, na dakika ya 89 Kapombe, beki, yuko mbele anafunga. Tukaongoza kundi lile. Kikosi kilikuwa kimekaa pamoja, kinajuana. Kwa AFCON hali si hiyo. Safari ya Morocco klabu ziliruhusiwa na FIFA kukaa na wachezaji mpaka Desemba 15, mechi yetu ya kwanza ilikuwa Desemba 23. Siku nane huwezi kumjenga mtu. Unaweza kumpangia mipira ya adhabu, kumwonyesha video, kumpumzisha. Pumzi na tabia anakuja nazo kutoka kwao, na kwao ni pamoja na kwenu mliokaa hapa.

Hapo ndipo nataka kuzungumzia Arusha, na naomba radhi, uwanja utaguswa kidogo. Sisi hapa Moshi tuko kama mita 800 na ushee juu ya usawa wa bahari. Arusha ni kama 1,400. Kwa kimo hicho mgandamizo wa hewa ni karibu asilimia 15 pungufu kuliko ufukweni. Si La Paz ile ya Bolivia yenye mita zaidi ya 3,600, mtu hazimii. Lakini ukimleta mchezaji kutoka Dar es Salaam Ijumaa acheze Jumamosi, mapigo ya moyo yanapanda mapema, na akishakimbia mbio moja ya kasi anachelewa kupata nafuu ya kukimbia ya pili. Mpira nao unasafiri haraka kidogo angani, makipa wanajua adha yake. Na kama mechi zitaangukia Juni au Julai, baridi ya Arusha ya miezi hiyo mnaijua. Tunasema tutakuwa nyumbani. Kikosi kikubwa cha Stars kinaishi Dar es Salaam, kwenye joto na usawa wa bahari. Arusha wao ni wageni, kama Msenegali. Kenya waliozoea Nairobi, iliyo juu kuliko Arusha, watapumua kule bila taabu.

Kwa hiyo ningekuwa na sauti, kambi ndefu ya Stars ingewekwa Arusha, wiki mbili kamili, ligi ikiwa imesimama, na mechi za kirafiki zichezwe saa ile ile ya mashindano. Nafasi tano za kubadilisha wachezaji zifanyiwe mazoezi kama tunavyofanyia kona: nani anaingia dakika ya 65 tukiongoza, anasimama wapi, anampa nani mpira wa kwanza. Wengi wetu tunamwingiza mtu mechi imeshaharibika.

Na huku kwetu mtu hahitaji kwenda mbali kumtafuta anayemaliza vizuri. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kilomita 42, halafu mnaamuana kwa kifua kwenye mstari. Anafanyia mazoezi Arusha. Benchi la ufundi la Stars lingemwalika asubuhi moja tu, aeleze anafanya nini na mwili wake wakati kila kitu kinamwambia apunguze. Tuna mabingwa wa kumaliza hapo Ilboru na Sakina wanakimbia alfajiri, na wanasoka wanapita na basi wakienda hotelini.

Kwa makocha wa watoto nina ombi dogo. Tuache kumalizia mazoezi kwa raundi za uwanja. Watoto wakishachoka, wapeni mechi ya dakika 15: upande mmoja unaongoza 1-0, mwingine unatafuta. Hakuna kulala chini. Anayebutua bila sababu, mpira wa adhabu. Kesho yake badilisheni pande.

Mwalimu wa kule nyuma, uliza. (Swali kutoka ukumbini: wachezaji wake wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, wanashikwa na misuli kuanzia dakika ya 60, hata wale wanaofanya mazoezi sana. Afanye nini?)

Kabla ya kuwaongezea mazoezi, mechi zenu ni saa ngapi? Saa kumi. Na chakula cha mwisho wamekula saa ngapi? ... Uji, saa nne asubuhi. (Kicheko.) Mwalimu, sisi ni watu wa Moshi, tunaaibishana. Usiku wa kuamkia mechi wapate mtori wa kushiba, saa saba wali au ugali wa kiasi, saa tisa kila mmoja ndizi mbivu mbili. Maji kidogo kidogo tangu asubuhi, siyo ndoo nzima wakati wa mapumziko. Jaribu mechi tatu, halafu nipigie simu tuzungumze habari za mbio.